Weka L Kwanza

Mjomba wangu aliuza magunia 22 ya mahindi ili anunue giaboksi ambayo gari lake halikuihitaji. Nayaandika haya kwa ruhusa yake. Hapa Babati magari ya oto yaliyozeeka ni mengi, mafundi wenye subira ya kuyachunguza ni wachache, na neno "giaboksi imekufa" hutamkwa upesi mno.

Gari lenyewe ni Toyota Mark II GX100 la mwaka 1998. Mwaka lilipoanza kumsumbua mavuno yalikuwa mazuri, akalilaza bandani kwake Nangara kwa miezi mitatu, magunia yamepangwa hadi kwenye bampa. Siku alipolitoa lilikuwa zito kama limefungwa gogo. Akiweka D linanguruma na kujikokota. Likishashika mwendo, kwenye lami ya kwenda Magugu linakimbia kama zamani. Alipojaribu kupanda Dareda, mlima ukamshinda. Kwenye dashibodi taa ya O/D OFF ilikuwa inawakawaka. Akabonyeza kitufe chake kwenye leva ya gia, taa haikuacha, naye akaizoea.

Gereji ya kwanza hawakumuuliza chochote. Fundi aliendesha kidogo, akarudi akitikisa kichwa. Hakuchomoa hata stiki ya oili. Giaboksi ya mtumba ikaletwa kutoka Arusha, ile ya zamani ikaachwa pale kama sehemu ya malipo. Gari lilipowashwa na kuwekwa D, uzito ukawa ule ule. Fundi akasema basi na hii iliyoletwa ni mbovu, itafutwe nyingine.

Hapo nikamwomba mjomba tulipeleke kwa mzee mmoja ambaye ameshika spana tangu mimi niko shule ya msingi. Hakufungua boneti kwanza. Aliuliza.

"Mzee mwenzangu, ukiweka L linaondokaje?"

Mjomba akafikiri. "Kwa L linaondoka vizuri tu."

"Na ukiweka 2?"

"Zito, ila afadhali kuliko D."

"Basi tuanze na umeme. Giaboksi tuiache kwanza."

Jibu lilikuwa kwenye yale maswali mawili. Giaboksi za oto za Toyota za aina ile huchagua gia kwa solenoidi mbili, yaani vali ndogo za umeme zinazofungua na kufunga njia za oili. Kompyuta huziwasha na kuzizima kwa mpangilio, gia nne zikapatikana. Umeme ukikatika kwa zote mbili, giaboksi inabaki na kile tu ambacho leva yenyewe inaweza kuamuru: D inatoa gia ya nne, 2 inatoa ya tatu, L inatoa ya kwanza. Mjomba alikuwa akiondokea gia ya nne kila siku. Giaboksi iliyoungua pleti hulalamika kwa namna nyingine: inateleza. Unakanyaga mafuta, mshale wa resi unapaa, mwendo hauongezeki. Oili yake ukiidondosha kwenye karatasi nyeupe ni nyeusi na inanuka kuungua.

Oili hiyo nayo ina utaratibu wake, na wengi tunaukosea. Hupimwa injini ikiwa inawaka na imeshapata moto, gari liko tambarare, baada ya kupitisha leva kwenye gia zote na kuirudisha P. Ukipima injini ikiwa imezimwa, kama unavyopima oili ya injini, stiki itakudanganya kwamba ipo ya kutosha.

Mzee akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, akafungua swichi bila kuwasha injini. Ile taa ambayo mjomba aliizoea ikaanza kuhesabu: ikawaka mara sita, ikapumzika, ikawaka mara mbili. 62. Kisha sita na tatu. 63. Solenoidi ya kwanza na ya pili.

"Mbili kufa siku moja ni vigumu," alisema. "Njia yao ndiyo imekatika."

Akaingia chini ya gari na mita yake, kisha akaniita. Juu ya giaboksi, pale nyaya zinapopita kwenda kwenye kompyuta, ganda lilikuwa limetafunwa. Nyaya mbili zimekatika, shaba iko wazi, na pembeni yake kumekwama punje za mahindi na kinyesi cha panya.

Kuziunga hakukufika saa moja. Gari likaondoka kwa gia ya kwanza, ikaingia ya pili. Lakini kwenda ya tatu resi zilipaa kidogo kabla gia haijashika. Tukadondosha oili ya ile giaboksi ya mtumba kwenye karatasi. Nyeusi.

Ndugu yangu mwenye gari la zamani, usiruhusu giaboksi ishushwe kabla hujasimama pale ukaona oili ikipimwa, L na 2 zikijaribiwa, na taa ikisomwa. Kama gari lako lina soketi ya mashine ya kupimia, dai namba zilizotoka uandikiwe kwenye karatasi; P0753 na P0758 ni za saketi za solenoidi hizo hizo mbili, na namba hizo zinamtaka fundi aanze na waya.

Tulirudi gereji ile kuiulizia giaboksi ya mjomba. Walikuwa wameshaifungua kwa ajili ya kuuza vipuri, pleti zake za klachi zimepangwa juu ya gunia. Pleti hizo huchapwa namba kiwandani, na namba ikianza kufutika ndipo fundi hujua pleti imeisha. Nikaokota moja, nikaifuta oili kwa kidole gumba. Namba yote ilikuwa inasomeka.