Mhaini wa nchi, au mhaini wa watawala?

Kuna maneno ambayo yakishatamkwa mjadala huwa umekwisha. Moja ni "mhaini", na jingine ni ndugu yake mdogo, "msaliti". Ukishambandika mtu jina hilo huna haja tena ya kumjibu hoja yake. Kinachobaki ni kuuliza atashughulikiwa lini.

Sisi wakazi wa Rusimbi tulilionja neno hili kwa karibu mwanzoni mwa mwaka 2020. Aliyekuwa Mbunge wetu wa Kigoma Mjini, Ndugu Zitto Kabwe, aliiandikia Benki ya Dunia mwezi Januari mwaka huo akiiomba isitoe mkopo wa dola milioni 500 kwa ajili ya elimu ya sekondari. Miongoni mwa hoja zilizokuwa mezani wakati huo ni kwamba wasichana waliopata mimba walikuwa wakifukuzwa shule na hawaruhusiwi kurudi, jambo ambalo Rais Magufuli alikuwa amelitilia mkazo hadharani mwaka 2017. Wabunge wenzake wakamwita msaliti. Yakasemwa na mengine mazito zaidi ambayo sioni faida ya kuyarudia hapa.

Barazani kwetu tuligawanyika. Wapo waliosema kweli huyu amevuka mpaka, kwani mtu mzima haendi kwa jirani kumwambia asiikopeshe nyumba yake. Wengine wakasema jirani mwenyewe ndiye mkopeshaji, na deni litalipwa na sisi sote, basi mwenye kulipa ana haki ya kusema. Mimi binafsi, kama angeniuliza kabla ya kuandika, ningemwambia hapana. Mwenye kuzijua shule zetu za kata, na watoto wanavyobanana darasani, haoni raha kusikia fedha za madarasa zinazuiwa hata kwa mwezi mmoja. Lakini kukosea njia ni jambo moja na kuisaliti nchi ni jambo jingine. Mkopo wenyewe ulipitishwa Machi 31, 2020. Na Novemba 2021 Serikali hiyohiyo, kwa kinywa cha Waziri wa Elimu Profesa Joyce Ndalichako, ambaye naye alikuwa Mbunge kutoka mkoa wetu huuhuu, ikatangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Sasa hebu tujiulize. Kama kulisema jambo lile Januari 2020 kulikuwa usaliti, kulitekeleza Novemba 2021 kulikuwa nini?

Tusichanganye mambo. Mimi si katika wale wanaodhani kwamba uhaini ni kitu cha kubuni. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Mtanzania ambaye angewaonesha njia angekuwa mhaini bila mjadala. Katiba yetu, ibara ya 28, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kutia sahihi kuisalimisha nchi kwa adui, na kwamba uhaini ni kosa la juu kabisa dhidi ya Jamhuri. Ndiyo maana adhabu yake ni kunyongwa. Lakini ukiisoma ibara ile kwa utulivu utaona inazungumzia ulinzi wa Taifa, ardhi yake na umoja wake. Haizungumzii fedheha ya waziri wala heshima ya chama.

Neno haini asili yake ni Kiarabu, linatokana na khiyana, yaani kuvunja amana. Khiyana haiwezi kuwapo bila amana, na amana haiwezi kuwapo bila mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani ni mhaini, yatupasa tuulize amana hii ni ya nani. Katiba imejibu katika ibara ya 8 kwamba mamlaka yote asili yake ni wananchi, na Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Basi Serikali si mwenye mali. Ni mkabidhiwa. Na mkabidhiwa, kwa akili ya kawaida tu, ndiye mtu wa kwanza anayeweza kufanya khiyana, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika funguo. Inakuwaje basi kwamba tangu tupate uhuru hatujawahi kusikia mkabidhiwa akishitakiwa kwa uhaini kwa kuivunja Katiba aliyoapa kuilinda, bali washitakiwa siku zote ni wale wanaomnyooshea kidole?

Ipo kesi moja ambayo kila Mtanzania angefaa kuisimuliwa. Kuanzia mwaka 1997 Zanzibar walikamatwa wanachama 18 wa CUF, wakiwamo waliokuwa Wawakilishi, wakadaiwa kutaka kuipindua Serikali ya Mapinduzi. Kesi hii inajulikana kwa jina la Machano Khamis Ali na wenzake 17. Walikaa rumande takriban miaka mitatu, maana uhaini hauna dhamana. Waliachiwa Novemba 2000, na mwezi huohuo Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba uhaini ni kosa linalotendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano. Zanzibar peke yake haina sifa hiyo, hivyo kosa la uhaini dhidi yake halipo kisheria. Nawaomba wasomaji walitafakari jambo hili taratibu. Watu 18 wamekaa ndani miaka mitatu, wakiwa na kitanzi mbele yao, kwa kosa ambalo mahakama ya juu ya nchi imesema haliwezi kutendwa.

Sijui kama waliofungua mashitaka yale walikuwa hawaijui sheria. Ninachokijua ni kwamba shitaka la uhaini humfunga mtu kabla ya hukumu, na kwa mtawala mwenye haraka hilo linatosha. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinazuia dhamana kwa makosa kadhaa, uhaini ukiwa mmojawapo. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilikitamka kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti 5, 2020 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kwa hiyo mwaka 2025, Ndugu Tundu Lissu aliposhitakiwa kwa uhaini mwezi Aprili kutokana na maneno aliyoyasema kuhusu uchaguzi, swali la dhamana halikuwa na nafasi. Na Novemba mwaka huohuo, baada ya machafuko ya Uchaguzi Mkuu, watu zaidi ya 200, wengi wao vijana, wakasomewa shitaka hilohilo, kabla ya wengi kuachiwa. Kosa la juu kabisa dhidi ya Jamhuri likasomwa kwa makundi, kana kwamba ni kesi za uzururaji.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kwa ajili ya kuilinda mamlaka ya nchi yetu dhidi ya wageni. Tuipime hoja hiyo. Mwaka 2020 aliyewaambia wageni wasitukopeshe aliitwa msaliti. Mwaka 2023, Bunge lilipoupitisha mkataba wa bandari na Dubai tarehe 10 Juni, wapo waliosimama kusema kwamba wageni wanapewa mno, na mamlaka ya nchi juu ya mali yake inaguswa. Walitaja hata sheria ya mwaka 2017 iliyotungwa na Serikali yenyewe kuhusu mamlaka ya wananchi juu ya maliasili zao. Agosti mwaka huo Dk. Willibrod Slaa, wakili Boniface Mwabukusi na Mdude Nyagali wakakamatwa, na tuhuma iliyotajwa ni uhaini. Wakatolewa baada ya siku chache bila kufikishwa mahakamani kwa kosa hilo. Katika tukio la kwanza kosa lilikuwa kumkaribisha mgeni katika mambo yetu, na katika la pili kosa lilikuwa kumkataa. Huyo mgeni basi hahusiki. Kilicho sawa katika matukio yote mawili ni kwamba aliyekuwa akipingwa ni mwenye madaraka.

(Na tuseme ukweli, mjadala ule wa bandari ulitutia aibu Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Badala ya kusoma vifungu vya mkataba, wengi walikuwa wakisoma majina ya waliotia sahihi na ya waliopinga, kisha wanachagua upande.)

Hapa Kigoma neno hili lina ladha ya ziada. Ujiji imejengwa na watu wa pande zote za ziwa. Wamanyema walitoka ng'ambo, Waha wakateremka kutoka milimani, Waswahili wa pwani wakaja na biashara. Kuna familia hapa ambazo zina shangazi Uvira, mjomba Bujumbura na makaburi Kalemie. Kwa hiyo mtu wetu akizungumza siasa, swali analoulizwa mapema ni babu yake alizikwa wapi. Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu aliambiwa si raia, na mwaka 2017 Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alihojiwa uraia wake baada ya kuizungumzia Katiba mpya. Watu wa mipakani wanaijua njia hii, kwamba kabla hujaitwa mhaini wa nchi, kwanza unaulizwa kama nchi ni yako.

Na ziwa lenyewe limetufundisha. Ng'ambo ile alikuwapo Laurent Kabila, ambaye serikali ya Kinshasa ilimwita muasi kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 1965 Che Guevara alipitia mji wetu huu kwenda kumuunga mkono, na Serikali yetu ilifahamu. Mei 1997 muasi akawa Rais, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwaita wengine waasi. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi nzima kuwaingiza akina mama TANU, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mwaka 1971, akasamehewa 1972, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Sisemi kwamba mahakama ilimwonea. Nasema tu kwamba kama alikuwa ameisaliti Tanzania kweli, basi barabara ile ni jambo la ajabu sana.

Turudi kwa mwenye amana. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 20, watu waliwekwa kizuizini kwa Sheria ya mwaka 1962 na hapakuwa na ibara ya haki za raia ya kuisimamia mahakamani. Tangu 1988, mwananchi yeyote aliyeona Katiba inavunjwa aliweza kwenda Mahakama Kuu kuitetea, hata kama madhara hayakumgusa yeye. Juni 2020 Bunge likaibadilisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Kwa mabadiliko hayo mkazi wa Rusimbi aliyetaka kulalamika kwamba haki iliyoandikwa katika Katiba imevunjwa alitakiwa kwanza aape na aeleze yeye mwenyewe, kwa mwili wake au mali yake, ameumizwa vipi.