Ukifika Mida, Keti

Mjukuu wangu, nimesikia kesho unawapeleka wageni Mida, kesho kutwa Sabaki, na kwamba umeshaazima darubini. Vyema. Lakini kabla ya darubini, uliza saa za maji. Yakiwa yamekupwa kabisa, ndege hutawanyika mbali topeni, na wageni wataona vidoadoa tu. Nenda yanapoanza kujaa. Ketini kando ya mikoko, mnyamaze, bahari yenyewe iwasogeze ndege kwenu. Ila siku za bamvua uwe macho. Maji huja mbio, nawe utarudi umebeba viatu mkononi.

Msiwafuate. Mimi niliwahi kuwafuata. Mgeni alitaka picha ya kundi likiruka, nikapiga makofi, likaruka, nikapewa bakshishi. Ilikuwa mwisho wa Machi. Wale vitwitwi walioanza kuwa wekundu kifuani walikuwa wakijinenepesha kwa safari ya Siberia, nami nikawachomesha mafuta yao bure. Bakshishi yenyewe haikufika magharibi.

Ukimwona ndege mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama koleo, huyo ni mla kaa. Hapo usiwe na haraka hata kidogo. Atakimbia hatua chache, asimame, achupe, amdake kaa na kumtikisa mpaka miguu inyofoke. Nyuma yake huenda kuna mwingine wa kijivujivu, analialia. Ni kinda lake. Ndege hawa huzalia pwani za Arabuni, Oman ikiwamo, katika mashimo wanayochimba mchangani, na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Basi kinda limevuka bahari yote hiyo kwa mbawa zake, na limefika Mida likidai kulishwa. Kila nikiliona namkumbuka mjomba wako.

Sabaki sina mengi: upepo, maji ya matope, na viboko. Watafute viboko kwanza, ndege baadaye. Wakikuulizia yule ndege wa kutoka Madagaska, sema kweli: huja wakati wa kusi, na sasa ni Februari. Usiwanyooshee kidole ndege mwingine ili wafurahi. Wengine wanajua kuliko wewe, wananyamaza tu.

Na darubini ya watu uifunge kwenye leso. Chumvi ya pale huingia kila mahali.