Chumo la Halali Katika Kazi za Mtandaoni

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema:

Vijana wa Kiislamu wa Migori na Homa Bay wametuuliza khabari ya kazi zifanywazo nyumbani kwa njia ya intaneti: je, chumo lake ni halali? Nasi twawajibu mbele ya wasomaji wetu wa pwani, kwani shida ya kijana wa Kendu Bay ndiyo ya kijana wa Mombasa na Lamu: amesoma, kazi hana, na simu anayo mkononi.

Kazi yenyewe haina ubaya. Kufasiri maandishi, kuandika yaliyosemwa kwa sauti, kumtunzia hesabu mfanyabiashara aliye mbali, yote haya ni ijara, na mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wametuwekea sharti zake: kazi ijulikane na ujira ujulikane. Mwajiri kuwa Marekani na mwajiriwa kuwa Rongo hakuyabatilishi mapatano. Serikali ya Kenya nayo ilianzisha mradi wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwafunza vijana kazi hizi. Basi akutakaye utume ada kwa M-Pesa kwanza ndipo akupe kazi, naye kazi haitaji wala ujira haubainishi, huyo si mwajiri. Tangu lini kibarua akamlipa mwenye shamba? Na akuahidiye faida kwa kila mtu utakayemwingiza, hakupi kazi. Akufanya chambo cha kuvulia jirani zako.

Lakini liko lililo zito zaidi. Vijana wengi katika nchi hii hulipwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani, nao huzitia majina yao wakapata shahada. Wengine hukodi akaunti za watu, wakafanya kazi kwa jina lisilo lao. Kijana husema: nimetoa jasho, na aliyelipa ameridhia. Twamjibu: Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta ndani pamelowa, akamkemea mwenyewe, ingawa nafaka ilikuwa nafaka kweli. Insha ile nayo ni kavu juu, imelowa chini. Anayeghushiwa siye aliyelipa. Ni mwalimu aisahihishaye, na ni mgonjwa atakayetibiwa kesho na mwenye shahada asiyoisomea.

Twajua kwamba fedha hizo ndizo zilipazo kodi ya nyumba na karo za wadogo zao. Twajua pia kwamba halali nayo ina misukosuko: Machi 2024 Remotasks iliwafungia Wakenya mlango kwa ghafla. Basi vijana, msitegemee mwajiri mmoja. Nanyi wazee, kabla ya kuuliza kijana ameleta kiasi gani, ulizeni amekipataje. Na wenye mali wawapatie vijana kompyuta na mahali pa kujifunza, maana kumfungia mtu mlango wa haramu bila kumwonyesha wa halali ni nusu ya nasaha.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake. Amin.