Ahadi ya Kurudi

Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja mpaka kidato cha nne anatembea na karatasi mfukoni. Mimi niliishia hapo hapo, fizikia ilinishinda, nikageukia hadithi ambazo mpaka leo zinatafuta mchapaji. Yeye aliendelea hadi shahada ya pili, na sasa anataka udaktari katika fizikia ya mazingira, yaani kupima hewa, maji na barafu. Juzi tukiwa kijiweni hapa Moshi akaniuliza: "Mshkaji, hivi ni dhambi kuahidi jambo ambalo huna hakika nalo?"

Karatasi ile ni masharti ya ufadhili wa Jumuiya ya Madola, wa kusoma Uingereza. Ada, nauli na posho wanalipa wao, ila wanataka uahidi kwamba ukimaliza utarudi kwenu. Kuna njia nyingine, Ujerumani. Katika vyuo kama Bremen na Heidelberg mwanafunzi wa udaktari mara nyingi huajiriwa kwa mkataba. Mshahara si lazima uwe mzima, lakini hata mgeni hatozwi ada. Hakuna anayemwuliza atarudi lini. Tatizo, nafasi hizo wanazigombea vijana wa dunia nzima.

Nikamwambia: ahidi bwana, mengine mbele kwa mbele. Nani hajawahi kudanganya kwenye fomu?

Usiku sikupata usingizi. Nilikuwa naiwaza Kibo. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walipanda kule juu, wakatoboa barafu sehemu sita, wakatoa vipande virefu kama nguzo na kuvisafirisha vikiwa vimeganda mpaka Marekani. Barafu ya chini kabisa waliikadiria kuwa na umri wa miaka 11,700 hivi. Mwaka 2002 wakatangaza kwamba tangu 1912 mlima umepoteza kiasi cha asilimia 80 ya eneo la barafu yake, na kwamba iliyobaki ingekwisha kati ya 2015 na 2020. (Miaka hiyo imepita, vipande bado vipo, ingawa vinazidi kupungua.) Sisemi waliiba. Wasingeichukua, ingepotea na siri zake. Lakini mtoto wa Moshi kwenda Ohio kuisoma barafu ya kwao, jamani, inauma.

Mwenzangu haimuumi. Anasema hewa haina pasipoti. Kila gesi hula rangi zake katika mwanga wa jua. Ukijua rangi zilizoliwa, umeijua gesi. Chombo kiitwacho SCIAMACHY, ndani ya setilaiti Envisat, kilifanya kazi hiyo kutoka angani tangu 2002 hadi mawasiliano yalipokatika 2012. Basi mtu anaweza kukaa Bremen akaufuatilia moshi wa Dar. Nikamwuliza, na vyombo vya kuihakiki hiyo setilaiti kutoka chini? Bremen wenyewe waliwahi kuweka kimoja Nairobi. Nani atakifuta vumbi kama nyote mmeondoka?

Hapo nikajishtukia. Namtaka arudi kwa sababu mimi ndiye ninayebaki. Mama yake aliuza ng'ombe ili asome kidato cha tano, na hata yeye hajamwambia arudi. Amemwambia tu asimsahau. Deni la mama hulipika hata kwa pesa ya simu kila mwezi. Nchi isiyo na maabara ya kumpa itadai nini?

Ila ahadi si deni la nchi. Nafasi ile imewekwa kwa ajili ya mtu atakayerudi. Akiipata kwa uongo hamdhulumu Mwingereza, anamdhulumu kijana mwingine, labda wa Lindi au Lusaka, ambaye angerudi kweli na sasa hatakwenda kabisa. Huyo hana jina, hatamjua, wala hatamlalamikia. Ndiyo maana ni rahisi kumdhulumu.

Jana nilimweleza hayo na kuifuta ile kauli yangu ya kwanza. Alinyamaza muda mrefu, akikunja na kukunjua karatasi.

"Na wewe ungerudi?"

Nikasema ndiyo, haraka mno. Akacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa.