Kanuni na Upendo

Kila mwaka, tarehe 10 Februari, wamonaki na masista wa Mtakatifu Benedikto huadhimisha sikukuu ya mwanamke aliyemshinda mwanzilishi wao. Jambo hili ni la ajabu, msomaji. Watu wengi huficha siku ambazo wakubwa wao walishindwa. Hawa huiwekea misa na nyimbo. Hufanya hivyo Monte Cassino katika Italia, na hufanya hivyo huku kwetu Afrika ya Mashariki, Peramiho na Ndanda katika Tanzania, na Tigoni katika Kenya.

Mwanamke huyo ni Skolastika, umbu lake Benedikto. Habari zake tumeachiwa na Papa Gregori Mkuu, aliyeziandika yapata mwaka 593. Asema kwamba Skolastika alikuwa amewekwa wakfu kwa Mungu tangu utoto, na kwamba mara moja kwa mwaka alikuja kuonana na kaka yake katika nyumba moja karibu na monasteri. Mwaka ule walishinda pamoja wakimsifu Mungu na kuzungumza. Giza likaingia, wakala chakula. Ndipo dada alipomsihi kaka asiondoke usiku ule, ili wazungumze juu ya furaha za mbinguni mpaka kuche. Benedikto akakataa. Hakuweza, alisema, kulala nje ya monasteri.

Mbingu zilikuwa safi, hapana hata wingu. Skolastika akafumbata vidole vyake juu ya meza, akainamisha kichwa, akasali. Alipokiinua, radi zilikuwa zikipiga, na mvua ilinyesha hata Benedikto na ndugu aliofuatana nao wasiweze kuvuka kizingiti. Benedikto akamlaumu dada yake kwa jambo alilolitenda. Dada akajibu kwamba alimwomba yeye, akakataa kumsikia. Basi alimwomba Mungu, na Mungu akamsikia. Wakakesha wakizungumza. Siku tatu baadaye, Benedikto akiwa chumbani mwake, aliona roho ya dada yake ikipaa mbinguni kwa umbo la njiwa.

Tusifanye haraka kumcheka Benedikto. Yeye ndiye aliyetunga Kanuni yenye sura 73, inayosema wamonaki waamke saa ngapi, wale ratili moja ya mkate kwa siku, na wasitoke nje ya ua bila ya amri ya abate. Mtunga sheria akiwa wa kwanza kuivunja, nani ataishika? Na kanuni ile haikuwa nyepesi kwake usiku ule. Alimpenda dada yake. Aliacha mazungumzo aliyoyatamani. Hilo nakuomba ulikumbuke, maana nitalirudia.

Gregori asema Skolastika aliweza zaidi kwa sababu alipenda zaidi. Vijana huyapenda maneno hayo, nao huyafupisha upesi: upendo ukija, kanuni na iondoke. Mimi sikubali. Mtazame Skolastika mwenyewe. Hakuufunga mlango, wala hakuvificha viatu vya kaka yake. Hakuvunja kitu. Aliomba, akanyimwa, akaomba kwa aliye mkubwa zaidi. Mwanafunzi anayempa rafiki yake majibu katika chumba cha mtihani naye husema kwamba amefanya hivyo kwa upendo, lakini bei ya upendo wake hulipwa na wale waliokesha wakisoma.

Tena Kanuni yenyewe si ukuta mtupu. Katika sura ya 53, Benedikto aagiza kila mgeni apokewe kama Kristo, kwa kuwa katika Injili ya Mathayo Kristo atasema kwamba alikuwa mgeni akakaribishwa. Kwa ajili ya mgeni, mkuu wa monasteri huvunja mfungo wake na kula pamoja naye, isipokuwa siku ya mfungo mkuu. Ndugu wengine huendelea kufunga. (Sina shaka wamekuwako wakuu waliowapenda wageni kupita kiasi.) Katika sura ya 66, bawabu ni mzee mwenye busara, naye agizwa kumshukuru Mungu kila asikiapo mtu akibisha hodi, na kumjibu upesi.

Mimi nilipata kuwa bawabu. Nilikuwa kiranja katika shule ya bweni, na siku moja zamu ya lango ilikuwa yangu. Akaja mzee mmoja aliyetoka mbali kwa miguu, akitaka kumwona mjukuu wake. Siku ya wageni ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Siku ile ilikuwa Jumatano. Nikamwambia kwa adabu, "Babu, leo si siku ya wageni." Hakubisha. Aliuliza tu kama aweza kuniachia kifurushi, nami nikakipokea, kwa kuwa kanuni haikukataza vifurushi. Mlikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, vimefungwa katika jani la mgomba. Jumapili ya wageni ilipofika, mzee yule alikwisha zikwa. Mjukuu wake hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Nimejiuliza mara nyingi kosa langu lilikuwa lipi. Kanuni ile haikuwa mbaya. Shule isiyo na siku ya wageni huwa soko. Wala sidhani ningalipaswa kumwingiza mzee kwa siri kupitia nyuma ya jikoni. Lakini ofisi ya mwalimu mkuu haikuwa mbali na lango, hatua mia labda. Sikwenda kuuliza. Kama ningalikwenda nikakataliwa, ningalirudi na jibu lile lile, ila lingalikuwa jibu jingine. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuwa na neno la kusema. Kanuni iliniondolea taabu ya kuitazama miguu ya mzee, iliyojaa vumbi.

Hapa ndipo nijionapo mbali na Benedikto, ingawa sote wawili tulisema hapana. Kanuni aliyoishika yeye ilimgharimu yeye mwenyewe. Yangu haikunigharimu kitu. Gharama yote aliibeba babu wa watu mpaka kwake. Nawe msomaji, unapomjibu mtu kwamba sheria hairuhusu, yafaa utazame kwanza ni nani atakayelala na njaa kwa ajili ya jibu hilo.

Baada ya kuiona njiwa ile, Benedikto alituma ndugu waulete mwili wa dada yake monasterini, akamlaza katika kaburi alilokuwa amejitengenezea mwenyewe. Naye alipokufa alizikwa humo humo. Mtu aliyekataa kukaa naye usiku mmoja nje ya ua alilazwa naye katika kaburi moja. Na asubuhi ya tarehe 10 Februari kengele za monasteri huwaita wamonaki kwenye sala kama siku nyingine zote, wala sijasikia kwamba yuko abate awapaye ndugu zake ruhusa ya kulala nje kwa heshima ya Skolastika.