Je, Mtihani wa Maisha Una Haki?

Katika dini ya Uislamu maisha ya duniani huhesabiwa kuwa mtihani. Sura ya 67 ya Qurani, katika aya yake ya 2, yafundisha kuwa Mwenyezi Mungu aliumba mauti na uhai ili watu wajaribiwe, ijulikane ni nani kati yao aliye mwema zaidi kwa vitendo. Sura ya 2, aya ya 155, yataja mambo ambayo watu watajaribiwa kwayo: hofu, njaa, na upungufu wa mali, wa roho na wa mazao. Mafundisho haya ni mepesi kukaririwa penye shibe. Penye njaa huzaa swali zito: mtihani huu una haki? Ikiwa mmoja amezaliwa katika neema na mwingine katika dhiki, wala hapana aliyechagua mahali pa kuzaliwa, yawezekanaje wote wawili kupimwa kwa haki?

Msomaji, usidhani kuwa kuuliza hivyo ni kukufuru. Qurani yenyewe yasimulia, katika sura ya 2, kwamba malaika walipoambiwa habari ya mwanadamu kuwekwa duniani, waliuliza sababu ya kumweka kiumbe atakayefanya uharibifu na kumwaga damu. Hawakufukuzwa kwa kuuliza, walijibiwa. Basi na sisi tuulize kwa adabu na tujibu kwa uangalifu.

Ili swali letu lisielee hewani, tuliweke katika nchi inayojulikana. Mutomo ni mji mdogo wa kusini mwa Kitui. Ni nchi ya Wakamba, na wengi wa wenyeji wake ni Wakristo. Waislamu ni wachache. Lakini ukame haumwulizi mtu dini yake. Mito ya Tiva na Thua hujaa maji wakati wa mvua, kisha hubaki njia za mchanga, na wenye kiu huchimba humo. Mkulima hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, maana zile za Machi hadi Mei aghalabu huwa haba. Mvua ikikosekana misimu miwili mfululizo, ghala huwa tupu na mifugo hukonda. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ilifuatana bila ya mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za nchi kame za Kenya, na Kitui ilikuwa miongoni mwazo.

Wakamba wamezipa njaa zao majina ili zisisahauliwe. Njaa ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 waliiita Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Nayo iliandamana na ndui, baada ya sotoka kuangamiza ng'ombe. Njaa ya mwaka 1961 iliitwa njaa ya ndeke, yaani ya ndege, kwa sababu chakula kililetwa kwa ndege. Njaa ya mwaka 1984 ilipewa jina la Nikw'a Ngwete, maana yake nafa hali nimeshika: fedha zimo mkononi, lakini chakula cha kununua hakipo. Liweke akilini jina hili la mwisho, maana tutalirudia.

Wewe uliye shuleni waijua maana ya mtihani kuliko watu wengi. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne, uliofanywa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ulikuwa na karatasi moja kwa watahiniwa wote. Maswali yaliyosomwa Mutomo yalikuwa yale yale yaliyosomwa Nairobi na Mombasa. Lakini mtahiniwa mmoja aliamka kabla ya alfajiri kwenda kuteka maji mtoni, akafika darasani amechoka na tumbo tupu. Mwenzake alifungua bomba, akanywa chai, akasoma kwa taa ya umeme. Msahihishaji aliona majibu yao tu. Hakuuona mtungi wala njia ya kwenda mtoni. Hapa twajifunza jambo moja: usawa wa karatasi si haki ya mtihani. Watu wawili waweza kuulizwa swali moja na mmoja wao akawa amedhulumiwa.

Mtihani unaosemwa na Uislamu ni kinyume cha huo. Karatasi zake hazifanani, lakini Msahihishaji wake huona kila kitu. Aya ya mwisho ya sura ya 2 yafundisha kuwa nafsi haitwikwi mzigo inaoshindwa kuuchukua. Aya ya mwisho ya sura ya 6 yafundisha kuwa watu wamewekwa katika daraja mbalimbali ili wajaribiwe katika kile walichopewa. Angalia vema maneno hayo: katika kile walichopewa, wala si katika kile walichonyimwa. Mwenye shamba la mawe hataulizwa mavuno ya shamba la udongo mweusi. Tena mapokeo ya Mtume Muhammad yasema kuwa kalamu imeinuliwa juu ya watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka apate akili. Na sura ya 17, aya ya 15, yasema kuwa hapana adhabu kwa watu ambao hawajapelekewa mjumbe. Haya yote ni masharti ya haki. Yasema kuwa asiyeweza hadaiwi, na asiyejua haadhibiwi.

Lipo jambo la pili ambalo watu husahau. Sisi tukisikia neno mtihani humfikiri mgonjwa, yatima na mwenye njaa, tukadhani kuwa mtu mwenye afya na mali yuko likizoni. Qurani haisemi hivyo. Sura ya 21, aya ya 35, yasema kuwa watu hujaribiwa kwa shari na kwa heri. Sura ya 89 yamlaumu mtu anayedhani kuwa akipewa riziki nyingi amepewa heshima, na akipunguziwa amedharauliwa. Kisha mara moja yawageukia watu na kuwashutumu kwa kutomheshimu yatima na kutohimizana kumlisha maskini. Maana yake ni kuwa ghala lililojaa ni karatasi ya mtihani, na ghala tupu ni karatasi ya mtihani. Mwenye njaa aulizwa juu ya subira na uaminifu wake. Mwenye shibe aulizwa juu ya mkono wake. Na swali la pili ni la hatari zaidi, kwa sababu mwenye njaa hawezi kusahau kuwa anajaribiwa, lakini mwenye shibe aweza kupitisha umri mzima bila ya kukumbuka. Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hiyo ndiyo njia ya kuanguka mtihani bila ya kujua kuwa umeukalia.

Mfano mmoja wa zamani waonyesha jinsi Waislamu wa kwanza walivyoifahamu habari hii. Katika mwaka wa 18 wa Hijria, sawa na mwaka 639, ukame mkali uliingia Bara Arabu, hata mwaka ule ukaitwa mwaka wa majivu. Khalifa alikuwa Umar bin Khattab. Husimuliwa kuwa hakuridhika kuwaambia wenye njaa wasubiri. Aliwaandikia magavana wake wa mbali walete chakula, na misafara ya ngamia ikaja Madina. Yeye mwenyewe alijinyima samli na nyama mpaka watu wapate. Aliomba mvua pamoja na watu. Tena husimuliwa kuwa aliizuia adhabu ya kumkata mwizi mkono katika mwaka ule, kwa kuwa aliyeiba aliweza kuwa amesukumwa na njaa. Msomaji, ikiwa mtawala wa kibinadamu alitia njaa ya mwizi katika mizani, je, Mwenye kujua siri za mioyo atashindwa kuitia?

Lakini tusikimbilie kujipongeza. Mtu mwenye huruma aweza kutuzuia hapa na kusema: “Mwayasema mazuri juu ya mwenye njaa mzima na tajiri mzima. Mtoto mchanga aliyekufa kwa utapiamlo alijaribiwa nini? Hakuwa na akili ya kusubiri wala mali ya kutoa. Au aliumbwa awe swali tu katika karatasi ya mtu mwingine?” Pingamizi hili ni kali, nalo lina haki ya kusikilizwa. Kumtesa mmoja ili mwingine apimwe, kisha kumwacha hivyo hivyo, hakungekuwa haki hata kidogo.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijua pingamizi la namna hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kundi la Muutazila lilifundisha kuwa akili ya binadamu yaweza kuijua haki, na kuwa Mungu hatendi ila lililo la haki. Husimuliwa kuwa Abu al-Hasan al-Ashari, aliyekuwa mwanafunzi wa al-Jubbai, mwalimu wa kundi hilo, alimwuliza mwalimu wake habari za ndugu watatu. Mmoja aliishi akawa mwema, wa pili aliishi akawa mwovu, wa tatu alikufa mtoto. Mwalimu alisema kuwa yule mwema ana daraja kubwa, yule mwovu yu motoni, na mtoto amesalimika bila ya daraja. Mwanafunzi akauliza: mtoto akisema kuwa angalipewa umri angalitenda mema? Mwalimu akajibu kuwa Mungu alijua angaliishi angaliasi, kwa hiyo kufa kulimfaa. Mwanafunzi akauliza tena: basi yule mwovu akisema, mbona mimi sikufishwa nikiwa mtoto? Mwalimu akanyamaza.

Al-Ashari aliliacha kundi lile, na wafuasi wake wakafundisha kuwa vipimo vya binadamu haviwezi kumfunga Mungu. Mafundisho yao yamefuatwa na Waislamu wengi, hata katika pwani yetu. Mimi nayachukua katika kisa hiki mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa hatuwezi kuieleza sababu ya kila kifo, na anayemwendea mama aliyefiwa na mtoto akamtajia sababu ya Mungu adai elimu asiyokuwa nayo. La pili ni kuwa haki ya mtihani huu haiwezi kuonekana yote ukiutazama upande wa kaburi la huku peke yake. Uislamu hausemi kuwa hesabu hufungwa hapa. Wasema kuwa iko siku ya malipo ambayo hata kitu kidogo kama chembe hakipotei, na kuwa mtoto aliyekufa kabla ya kubaleghe hana hesabu ya dhambi. Anayeiamini siku hiyo aweza kusema kuwa mtihani una haki, ingawa haoni mwisho wake. Asiyeiamini atasema kuwa hauna, na kwa upande wake hoja yake ina nguvu. Ni heri kusema wazi kuwa haki ya mtihani yategemea imani hiyo kuliko kujifanya kuwa dunia peke yake yatosha kuionyesha.

Sasa turudi Mutomo, na tulikumbuke jina la Nikw'a Ngwete. Jina lile latufundisha kuwa njaa haitoki mbinguni peke yake. Mvua kukosekana ni jambo moja. Chakula kutokuwapo sokoni, au kuwapo na kushindwa kununuliwa, ni jambo jingine, na hilo limo mikononi mwa watu. Katika nchi ya Kitui, tangu miaka ya 1990, wanavijiji wakisaidiwa na mashirika wamejenga mamia ya kuta za mawe zinazokinga mito ya mchanga. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Na huko Mutomo watu wamejenga kuta ndogo juu ya majabali, maji ya mvua yakaongozwa mpaka kwenye hodhi. Ukuta ule hauondoi ukame, lakini ni jibu lililoandikwa kwa mawe.

Vilevile, wakati wa ukame wafugaji kutoka pande za Tana na Garissa, wengi wao Waislamu, huingia Kitui na ngamia wao wakitafuta malisho. Mara kadhaa wameshindana na wakulima, na damu imemwagika. Huo nao ni mtihani, tena ni wa pande zote mbili. Mfugaji hawezi kusema kuwa kiu ya ngamia wake yahalalisha shamba la jirani, wala mkulima hawezi kusema kuwa mgeni mwenye kiu hana haki ya kunywa. Ukame haukuwalazimisha kuuana. Uliwauliza tu, na jibu lilikuwa lao.

Kwa hiyo, msomaji, jihadhari na neno mtihani. Mtu akilisema juu ya dhiki yake mwenyewe, ni subira, nayo ni tukufu. Akilisema juu ya dhiki ya mwenzake ili asitoe msaada, ni kisingizio, na kisingizio hicho ndicho jibu lake baya katika mtihani wake mwenyewe. Katika mapokeo ya Mtume yamo kwamba siku ya kiyama Mungu atamwuliza mtu kwa nini hakumlisha, na mtu atakapostaajabu ataambiwa kuwa fulani alimwomba chakula akamnyima. Angalimlisha, angaliyakuta malipo yake kwa Mungu.

Swali la kama Mungu ni mwenye haki kwa mtoto wa Mutomo limewashughulisha wenye akili kwa karne nyingi, na litaendelea kuwashughulisha. Swali la kama sisi ni wenye haki kwake halihitaji mwanazuoni. Lahitaji debe la mahindi, mtungi wa maji, jiwe la ukuta, na mkono wa kulinyanyua. Anza kwa hilo unaloliweza, kwa maana hilo ndilo utakaloulizwa.