Je, Jibu Lililochelewa ni Jibu?

Wataalamu wa programu za kompyuta wamezoea kuyagawa majaribio yao katika mafungu mawili. Majaribio ya kazi huuliza kama programu inatenda kile ilichoagizwa kutenda: mtumiaji akiingiza namba fulani na kiasi fulani, je, salio lake linapungua kwa kiasi hicho na la mpokeaji linaongezeka? Majaribio ya sifa, ambayo wengine huyaita majaribio yasiyo ya kazi, huuliza programu hiyo inatenda kwa namna gani, yaani kwa kasi ipi, chini ya mzigo wa watumiaji wangapi kwa wakati mmoja, kwa usalama kiasi gani, na kwa wepesi gani kwa mtu asiyeizoea. Mgawanyo huu una manufaa yake, lakini umebeba dai la kifalsafa ambalo ni nadra kuhojiwa, nalo ni kwamba kazi ndiyo kiini cha kitu na sifa ni nyongeza inayoweza kusubiri.

Dai hilo hupata taabu likifikishwa Katindo, mtaa wa mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na benki zikafunga milango, pesa za simu, ambazo Vodacom ilizileta Kongo kwa jina la M-Pesa mwaka 2012 na ambazo Airtel na Orange nao wanazitoa, zimebeba sehemu kubwa ya shughuli za wakazi. Tuseme mnunuzi anamlipa muuzaji wa maharagwe dola 20: anachagua kwenye menyu, anaandika namba ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri, kisha anangoja ujumbe wa uthibitisho, na ujumbe hauji. Seva imekwisha kukata pesa sawasawa, na mpimaji wa kazi akiulizwa atasema jaribio limefaulu. Lakini mnunuzi haioni seva, na muuzaji hauachii mzigo mpaka simu yake ilie. Akirudia, huenda akalipa dola 40. Asiporudia, hurudi nyumbani mikono mitupu. Ucheleweshaji, ambao umeandikwa katika fungu la sifa, umezaa kosa la kazi.

Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, anaeleza kwamba kazi ya mpiga kinubi na ya mpiga kinubi hodari ni ya jinsi moja, ila huyu wa pili huifanya vizuri. Kwa mfano huo mpiga kinubi dhaifu bado ni mpiga kinubi, na hapo ndipo wahandisi wanaosema "kwanza ifanye kazi, ubora utafuata" wanapopata kimbilio. Hata hivyo malipo si muziki. Malipo hayajatimia mpaka pande zote mbili zijue kwamba yametimia, na kwa hiyo namna ya kuwajulisha ni sehemu ya tendo lenyewe.

Mafakihi wa Kiislamu walilishughulikia jambo la aina hii kwa ustadi zaidi, kwa kuwa hawakuiweka "namna" yote upande mmoja. Kuingia kwa wakati ni sharti la kusihi kwa swala, kiasi kwamba anayeswali adhuhuri kabla ya jua kupinduka hana swala, ilhali unyenyekevu wa moyo, kwa kauli ya wengi wao, huikamilisha swala wala kukosekana kwake hakuibatilishi. Hata wahandisi wenyewe wamekaribia hapo: kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 25010 cha mwaka 2011 kilitaja sifa nane za ubora wa programu, na kufaa kwa kazi ni moja tu kati ya hizo.

Kinachoyatenga kweli mafungu hayo mawili ya majaribio ni aina ya jibu. Swali la kazi hujibiwa ndiyo au la; swali la sifa hudai kiwango, na kiwango hakijiweki chenyewe. Ni desturi kuandika, kwa mfano, kwamba maombi 95 kati ya 100 yajibiwe ndani ya sekunde 3. Sentensi hiyo ina sura ya hesabu, lakini ni hukumu ya kimaadili, kwa sababu maombi 5 yaliyoachwa nje hayatawanyiki sawasawa nchini: hukusanyika kule ambako mtandao ni hafifu, umeme hukatika na simu ni za zamani, hivyo mtaa mzima unaweza kuishi ndani ya hayo 5 huku ripoti ikisema programu imefaulu.

Mashine ya kura ya Miru Systems ya Korea Kusini, iliyotumika Kongo tarehe 30 Desemba 2018, ilizua swali hilohilo la nani anayeachwa nje, kwa upande wa wepesi. Mpiga kura aligusa picha ya mgombea kwenye kioo, mashine ikachapa karatasi, naye akaitia sandukuni. Mzee asiyewahi kugusa kioo cha namna hiyo, akilazimika kuomba mtu amsaidie, huchapiwa karatasi iliyo sahihi, lakini siri ya kura yake imekwisha kutoka.

Wanaoandika maagizo ya programu za huduma, wawe wizarani, benki au katika mashirika, hawana budi basi kuuweka muda wa jibu, na katazo la kukata pesa mara mbili, ndani ya agizo la kazi lenyewe, na kuijaribu programu kwa simu ndogo juu ya mtandao wa Goma kabla ya kutia sahihi ya kuipokea.